Siku 47 wodini: Nilivyojifunza kuomba kwa masaa matatu matatu

Wengi mnazijua kazi zangu kupitia sura za maharusi. Nyusi zimechongwa, kope zimekaa, bibi harusi anacheka mpaka gego la mwisho linaonekana. Ndiyo kazi yangu, napamba maharusi Sinza, huu mwaka wa nane sasa. Lakini leo sizungumzii mekapu. Nazungumzia siku 47 ambazo sikujipaka hata mafuta ya mgando usoni, na kilichonishika nisichanganyikiwe.

Niseme kabisa mapema: kuna watu kwenye stori hii siwataji, akiwemo mmoja ambaye ukiwasha redio jioni unaweza ukamsikia. Naomba usihangaike kubahatisha. Stori hii haimhusu yeye.

Ilikuwa Agosti 2022, nina mimba ya wiki 30. Kiukweli kosa la kwanza lilikuwa langu mwenyewe. Msimu wa harusi ulikuwa umechanganya, Ijumaa kichen pati, Jumamosi harusi, Jumapili nalala kama mzigo. Kliniki nikaruka mara mbili. Miguu ikavimba mpaka ndala zikagoma kuingia, nikasema ni kusimama sana. Kichwa kikawa kinagonga, nikasema ni joto la Dar. Uso ukajaa, shoga zangu wakanisifia, "Mimba imekupenda." Nami nikapiga picha nikaposti.

Jumamosi moja nikiwa nampamba bibi harusi nikaanza kuona nyota nyota. Nyusi moja nimemaliza, ya pili siioni. Nikamwita msaidizi wangu amalizie, nikakaa chini. Nilichosikia baada ya hapo ni sauti ya bajaji.

Hospitali presha ilisoma 190 kwa 120. Daktari hakunipamba na maneno. Akasema hii ni presha ya mimba, ikiendelea hivi inakuja degedege, na hapo tunaweza kuwapoteza wote wawili. Tiba ya kuimaliza ni moja, mtoto atoke. Wakanichoma dawa ya kuzuia degedege, wakanichoma sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, wakajitahidi kunivuta siku mbili. Jumatatu usiku presha ikagoma kushuka, nikaingia chumba cha upasuaji.

Alizaliwa binti, gramu 1,150. Yaani mfuko wa sukari wa kilo moja, ongeza na kijiko. Alilia kidogo tu, kama paka aliyefungiwa chumba cha pili, halafu wakampitisha mbele yangu haraka haraka wakaondoka naye. Niliona mguu. Mguu wake ulikuwa mfupi kuliko kidole changu cha kati.

Kama hujawahi kuingia wodi ya njiti, ngoja nikueleze. Njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37. Wa wiki 30 kama wangu hawezi kunyonya, hajui bado kunyonya na kumeza na kupumua kwa pamoja. Analishwa kwa mpira mwembamba unaopita mdomoni mpaka tumboni. Hana mafuta mwilini, kwa hiyo baridi ambayo mimi na wewe hatuisikii, yeye inamuua. Na kuna wakati anasahau kupumua. Ndiyo, anasahau. Mashine inalia, nesi anakuja anamgusa wayo wa mguu, mtoto anakumbuka, anavuta pumzi. Mara ya kwanza kuona hivyo nilikojoa pale pale nilipokuwa nimesimama. Sioni aibu kusema.

Ratiba ya wodi ni masaa matatu matatu. Saa 12, saa 3, saa 6, saa 9, na usiku hivyo hivyo. Kila ukifika muda unakamua maziwa, unaandikiwa kiasi, yanapimwa kwenye bomba la sindano. Siku ya kwanza alipewa mililita mbili. Mimi kilichotoka kwangu hakikujaza hata kifuniko cha soda. Nikalia. Mama mmoja pembeni akaniambia, "Usilie, ukilia yanakata."

Nikamtumia ujumbe baba wa mtoto. Tulikuwa tumegombana tangu mwezi wa nne wa mimba lakini nikajua kwa hili atakuja. Akajibu mstari mmoja: huu sio wakati wangu mzuri. Halafu namba yangu ikawa haimpati tena. Siku tano baadaye mtu akanionyesha kwenye simu, jamaa anakata keki ya siku ya kuzaliwa, keki ya ngazi tano, watu wanapiga kelele. Mimi hapo nadaiwa hela ya dawa. Bibi harusi wawili wamenipigia wanataka advansi zao, wana haki, nikawarudishia. Na wale wenzangu wa bata, wa kila wikiendi, walinitumia emoji za mikono ya maombi. Waliokuja kwa miguu yao ni wawili tu.

Sasa ngoja niseme kuhusu imani yangu ilivyokuwa. Mimi nimezaliwa Mlutheri, Moshi huko, nimebatizwa, nimepata kipaimara, yote. Nilipokuja Dar Mungu akawa mtu wa Krismasi na wa wasifu wa Instagramu. Niliandika "Mungu kwanza" hapo juu kabisa, chini yake namba ya oda. Kwa hiyo nilipofika wodini nikitaka kuomba, sikuwa na pa kuanzia. Nilikuwa kama mtu anayempigia ndugu ambaye hajamtafuta miaka sita, halafu unapompata unataka kukopa.

Mama yangu alifika siku ya tatu na basi la usiku. Mkono mmoja begi, mkono mwingine ndizi mbichi. Hakwenda hata kupumzika, alienda chumbani kwangu Sinza akapika mtori, akapanda nao daladala kwenye chupa ya chai. Wachaga mnaelewa, mzazi bila mtori hajazaa. Nilimlilia, nikamwambia, "Mama, niombee, mimi nimeshindwa." Akafungua chupa. Akasema, "Kula kwanza."

Niliudhika, sio siri. Nilitaka maombi ya moto, nilitaka apige magoti wodi nzima itetemeke. Yeye ananipa mtori. Nilipomaliza ndiyo akaniuliza nilikuwa namwomba Mungu nini. Nikamwambia naomba mwanangu apone, akue, asome, asiwe na tatizo la macho, asiwe na tatizo la akili, nisikose kodi, nisipoteze wateja. Mama akatikisa kichwa. Akaniambia, "Mwanangu, hiyo ni mizigo ya miaka 20, unaibebaje leo na kidonda cha operesheni? Sasa hivi ni saa 12. Omba mpaka saa 3. Ikifika saa 3, tutaomba tena."

Hapo ndipo nilipoanzia. Mungu, afike saa 3. Tu. Ikifika saa 3 amefika, nasema asante, nakamua, nampelekea, naanza upya. Mungu, afike saa 6. Usiku saa 9 ndiyo ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu usiku mashine zinalia sana na akili inasema sana. Mama alikuwa anaimba kwa sauti ya chini nyimbo za Tumwabudu Mungu Wetu, kitabu chenyewe hana, anazijua kwa namba. Mimi nilikuwa sikumbuki maneno, naitikia kwa kuguna.

Nisikudanganye kwamba toka hapo nikawa jasiri. Siku ya nane mtoto alishuka uzito mpaka gramu 1,060, akawa wa njano, wakamweka chini ya taa za bluu na macho yamefungwa kitambaa. Rafiki yangu mmoja wa saluni, kwa nia njema kabisa, akanipa namba ya mtumishi. Nikapiga. Sauti nzito, yenye mamlaka. Kabla sijamaliza kueleza akasema huyo mtoto hana ugonjwa, amefungwa, kuna madhabahu upande wa baba inamla. Unajua mtu akiwa na hasira na upande wa baba, maneno kama hayo yanaingia kama siagi kwenye mkate wa moto. Sadaka ya kuivunja ilikuwa laki tatu. Nilikuwa na laki na nusu, ni hela ya dawa na vipimo. Nikaituma. Jioni akapiga tena, nguvu za giza zimegoma, imaliziwe ile iliyobaki, na mtoto aletwe kwenye ibada aombewe kabla ya saa 6 usiku.

Nikaenda kwa nesi wa zamu kuomba karatasi ya kuondoka kwa hiari. Ni mama mtu mzima, amevaa hijabu yake, amechoka, miguu imevimba kuliko yangu nilivyokuwa na mimba. Akaniuliza unampeleka wapi mtoto aliye kwenye oksijeni. Nikamwambia kwenye maombi. Akanitazama muda mrefu. Akasema, "Mwanangu, mimi dini yangu nyingine, sikuingilii. Ila nikuulize. Huyo Mungu wako mpaka apelekewe? Njia ya kuja wodini haijui?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi kitandani, nikazima simu. Ile laki na nusu haikurudi mpaka leo. Sisemi watumishi wote wako hivyo, mchungaji wa mtaa wetu alikuja na wazee wawili, wakaomba dakika tano, wakaacha bahasha, hawakuomba hata picha. Lakini mtu akikuambia utoe mtoto kwenye oksijeni ili Mungu aone imani yako, kimbia. Dawa na maombi havijawahi kugombana. Wanaogombana ni watu wenye hesabu zao.

Usiku huo nilisoma Biblia kwenye simu, mwanga nimeushusha. Nilikuwa naitafuta habari ya Eliya, nikijua nitakuta moto unashuka kutoka mbinguni. Nikaingia sura ya mbele yake, 1 Wafalme 19. Eliya huyo huyo wa moto amekimbia jangwani, amekaa chini ya mti, anamwambia Mungu amechoka, bora afe. Na Mungu hamkemei, hamwambii imani yako iko wapi. Anamtuma malaika na mkate na maji. Eliya anakula, analala tena. Malaika anarudi, anamwamsha, anamlisha tena, kwa sababu safari ni ndefu. Mahubiri hakuna. Chakula na usingizi.

Nikamgeukia mama yangu, amelala kwenye kiti cha plastiki, chupa ya mtori miguuni. Nikaelewa kwamba nilikuwa nimejibiwa tangu siku ya tatu.

Sasa nifike kwa dada wa Mbagala. Sitamtaja jina, nimemwomba ruhusa ya kumwandika na amenipa. Kitanda chake kilikuwa karibu na changu. Ametafuta mtoto miaka saba. Wa kwake alikuwa wa kiume, amezaliwa na gramu 1,300, mkubwa kuliko wangu. Na kuomba, huyu dada aliomba kutuzidi wote. Alikuwa mlokole wa ukweli, anafunga, anaamka saa 9 kabla ya zamu ya maziwa, anaombea na watoto wetu mmoja mmoja kwa namba za vitanda. Mtoto wake alifariki usiku wa siku ya 12. Maambukizi, walisema. Saa 3 usiku alikuwepo, saa 6 hayupo.

Tangu hapo watu wakiniambia, "Mungu amekuonyesha kwamba ukimwamini hashindwi," nanyamaza. Kwa sababu dada wa Mbagala alimwamini kuliko mimi. Sijui kwa nini wangu yupo na wake hayupo. Nimewauliza wachungaji wawili, mmoja alinijibu maneno mengi, mwingine alisema hajui, na huyo aliyesema hajui ndiye niliyemwamini. Ipo Zaburi ya 88, kasome mwenyewe. Inaanza kwa kilio, inaisha gizani, haina hata mstari mmoja wa kupoza mwishoni. Na ipo humo humo kwenye Biblia, hakuna aliyeitoa. Hiyo inanitosha kujua kwamba unaweza kumwambia Mungu giza na bado ukawa unaongea na Mungu.

Asubuhi wakati anafungasha alikuja kitandani kwangu. Akanipa kofia ya sufi ya njano, alikuwa ameifuma mwenyewe akiwa na mimba. Nikasema siwezi kuipokea. Akaniambia, "Chukua, kichwa cha mwanao kinapoteza joto. Mimi na Mungu tutaongea nikifika nyumbani. Leo sina la kumwambia. Ila wewe endelea kumwambia, usiache kwa ajili yangu." Akaondoka na mume wake. Nilimvalisha mwanangu ile kofia, ikamfunika mpaka puani.

Siku ya 15 walimtoa kwenye oksijeni, na daktari akasema sasa tuanze kangaruu. Nilidhani ni mashine. Kumbe mashine ni mimi. Unamweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, amevaa nepi na kofia tu, unafungwa naye kwa kanga, mchana na usiku. Nilikuja kusoma baadaye kwamba njia hii ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, daktari anaitwa Edgar Rey Sanabria. Mashine za kuwapa joto watoto zilikuwa hazitoshi, akawapa akina mama watoto wao wenyewe. Joto la kifua cha mama linamtosha mtoto, na mapigo ya moyo wako yanamkumbusha kupumua. Leo dunia nzima inaitumia, hata zenye mashine za kumwaga.

Wiki nne nimelala nimekaa, mtoto kifuani. Huwezi kugeuka, huwezi kujikuna mgongo vizuri. Wiki ya kwanza nilimhesabia kila pumzi. Wiki ya pili nikaanza kulala. Na katika kulala hivyo, nilianza kuelewa vitu ambavyo kanisani niliviimba tu. Yule mtoto hakuwa na nguvu za kunishika. Hakujua hata kwamba nipo. Aliyekuwa ameshika ni mimi, kwa kanga, nimefunga fundo mbili. Nikajiuliza, hivi muda wote huu nilidhani imani ni mimi kumshika Mungu kwa nguvu? Na siku ambazo sikuwa na nguvu, nani alikuwa amefunga fundo?

Gramu 1,200. Gramu 1,350. Siku moja anashuka gramu 20 na wodi nzima inanipa pole kama msiba. Gramu 1,500 akina mama walipiga vigelegele, nesi akatufukuza kwa kelele huku anacheka. Siku ya 47 alikuwa gramu 1,820, ananyonya mwenyewe, tukatoka. Bili niliimalizia kwa mafungu, na niliuza taa zangu kubwa za kupambia. Nilianza upya na kioo cha ukutani na taa ya kawaida.

Sasa hivi amefikisha miaka mitatu. Anavaa miwani, ndiyo, macho kidogo yalisumbua. Alichelewa kutembea. Anaongea kama redio, tabia ameitoa wapi sisemi. Baba yake hajawahi kumwona. Kuna kipindi nilikuwa nalala namwombea mabaya yule mtu, mengine ni ya kuchekesha, niliwahi kumwomba Mungu amnyonyoe nywele zote kabla ya shoo. Sijafika mahali pa kumsamehe kwa tabasamu. Nimefika mahali ambapo nikisikia sauti yake kwenye bajaji simwambii dereva abadilishe stesheni. Kwangu hiyo ni hatua.

Dada wa Mbagala anakuja kwangu kila mwaka mwanangu akiongeza umri. Hajapata mtoto mwingine. Kanisani hakukanyaga miezi nane, halafu Jumapili moja akaenda, akakaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Nikamuuliza mliongea nini na Mungu. Akasema, "Bado tunaongea." Kofia ya njano nimeifua nimeiweka kwenye begi la plastiki. Siku ile nilitaka kumrudishia, akasema abaki nayo mtoto.

Kwa dada zangu wenye mimba, nakuombeni, msiruke kliniki. Miguu na uso kuvimba, kichwa kisichoacha kuuma, kuona nyota nyota, maumivu chini ya mbavu, hiyo sio mimba kukupenda, nenda ukapimwe presha siku hiyo hiyo. Huko nako ni kumcha Mungu.

Na kama unaposoma hapa uko kwenye wodi yako, iwe ya hospitali, ya madeni, ya kuachwa, au ya ajira isiyokuja, mimi sina neno kubwa. Nitakuambia aliloniambia mama yangu. Kula kwanza. Lala kama unaweza. Halafu angalia saa, uombe mpaka ile inayofuata.